Mtoto Anayehesabu Hatua: Vitabu Vitatu juu ya Wasiwasi na Dhihaka za Skuli



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia vitabu vya kwetu. Safari hii tunaomba ruhusa tutoke kidogo nje ya ua, tuvitazame vitabu vitatu vya Kimarekani. Vyote vinamhusu mtoto anayekua na maradhi ya wasiwasi, yale ambayo madaktari wa huku wanayaita kwa herufi tatu, OCD, na vyote vinaeleza, kila kimoja kwa njia yake, jinsi wenzake, walimu wake na jamaa zake wanavyomcheka. Tumevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wanasoma katika skuli za huku na kwa lugha ya huku, na wanaweza kuvikuta vitabu hivi kwenye rafu za maktaba kabla sisi wazazi hatujavisikia. Pili, jambo lenyewe si geni kwetu. Jina lake tunalo tangu zamani, ila tumelifanya jepesi mno.

Tuanze na hilo jina. Katika mazungumzo ya kila siku mtu akisema "nina wasiwasi," tunaelewa kuwa hana uhakika wa jambo: basi limechelewa, mtoto hajarudi, barua ya Uhamiaji haijafika. Lakini waliosoma chuoni wanalijua neno hili kwa maana yake nzito zaidi, iliyotoka nalo Uarabuni. Ni ule mnong'ono unaomwambia mtu aliyekwisha kutawadha kuwa mkono wake haukuenea maji. Anarudia. Mnong'ono unasema bado. Anarudia tena, mpaka sala ya jamaa inamalizika naye yuko bombani. Mtu huyu husemwa kuwa "ameingiwa na wasiwasi," na walio nyuma yake kwenye foleni ya maji hutazamana na kuchekeana.

Wanazuoni waliliandika jambo hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na maradhi ya nafsi akayagawa mafungu manne: hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Kwake yeye wasiwasi ni ugonjwa kama ugonjwa mwengine, una sababu zake na una namna ya kuutibu. Karne tatu baadaye Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima ya kuwalaumu wenye wasiwasi. Nia yake ilikuwa njema, kuwaepusha watu na kuifanya dini kuwa mzigo, lakini kichwa chenyewe cha risala ni lawama. Tunawataja wawili hawa kwa sababu mitazamo yao bado inaishi pamoja majumbani mwetu. Mmoja anauliza, "Huyu anaumwa nini?" Mwengine anauliza, "Huyu ana nini hata asiache?" Vitabu vitatu tunavyovitazama leo vinaweza kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Kabla ya kuvifungua, tueleze kwa ufupi ugonjwa unavyofanya kazi, kwani bila ya hayo visa vyenyewe vitaonekana vioja tu. Fikra ya kutisha inamjia mtoto bila kuitwa: mama atakufa, mkono una uchafu, nimemkosea Mungu. Khofu inapanda. Mtoto anagundua kuwa akigusa kitu, akihesabu, akiosha au akisema maneno fulani, khofu inashuka kidogo. Ile ahueni ndiyo inayomfunga, kwa sababu fikra ikirudi kitendo lazima kirudi nacho, na kila siku kinadai zaidi. Mara nyingi mtoto anajua kabisa kuwa kuhesabu kwake hakumzuilii mtu kufa. Anahesabu hivyo hivyo, maana nani atathubutu kujaribu kuacha, ikiwa kinachowekwa rehani ni roho ya mama yake? Wataalamu wanakisia kuwa ugonjwa huu unampata mtu mmoja au wawili katika kila mia, na aghlabu unaanza utotoni au ujanani, yaani katika miaka ile ile ya skuli.

Kitabu cha kwanza ni riwaya ya vijana iitwayo Kissing Doorknobs, yaani kubusu vitasa vya milango, ya Terry Spencer Hesser, iliyotoka mwaka 1998. Msimuliaji ni Tara Sullivan, msichana wa miaka 11. Anasikia wimbo wa mchezo wa watoto unaosema kuwa atakayekanyaga ufa wa njia atamvunja mama yake mgongo. Watoto wengine wanauruka ufa, wanacheka, wanasahau. Kwa Tara wimbo ule unageuka hukumu. Anaanza kuzihesabu nyufa zote za njia ya kwendea skuli, na akikatizwa kwa salamu au kwa swali inambidi aanze upya. Baadaye yanakuja mengine, dua za papo kwa papo na kile kitasa cha mlango kilichokipa kitabu jina.

Uzuri wa riwaya hii ni kuwa inatuweka ndani ya hesabu. Mtu anayemtazama Tara kutoka ng'ambo ya barabara anaona msichana anayetembea ameinamisha kichwa, hajibu akiitwa, anachelewa, anarudi nyuma bila sababu. Msomaji anajua kuwa yuko kazini, tena kazi ngumu: anamwokoa mama yake. Ndiyo maana dhihaka za skuli katika kitabu hiki zinauma. Wanaomcheka wanauona mkono, hawaioni khofu inayousukuma. Wala Hesser hakuwafanya kuwa mashetani. Marafiki wa Tara wanamvumilia, wanachoka, wanaona haya kuonekana naye, na mwisho wanajitenga kidogo kidogo. Kila aliyewahi kuwa mtoto anajua kuwa kujitenga kwa rafiki kunauma kuliko tusi la mtu asiyekujua.

Kuna mhusika mmoja ambaye tungependa wazazi wamwangalie khasa. Ni Greta, mdogo wake Tara. Wenzao wanapomcheka dada yake, Greta anapigana. Mtoto mdogo anageuka mlinzi, ngumi zake zinamtia matatani, na nyumbani ambako macho yote yako kwa mgonjwa hapana mwenye nafasi ya kumuuliza yeye ana hali gani. Mama naye, ambaye ndiye anayelindwa kwa hesabu zote zile, anaishiwa na subira mpaka anamkaripia na kumpiga mtoto anayemlinda. Hapo mwandishi amegusa palipo na ukweli mkubwa. Uonevu wa skulini haubaki skulini, unaingia ndani na mtoto, unakaa mezani pamoja na watu wa nyumba.

Kasoro za riwaya hii zipo. Wataalamu wa mwanzo wanaomtazama Tara na kumpa kila mmoja jina lake la ugonjwa wamechorwa kwa haraka, kama watu wa karatasi. Na mwisho unakimbia. Tara anakutana na kijana mwenye ugonjwa kama wake, anaanza matibabu ya kuikabili khofu bila ya kufanya kile kitendo, na kurasa chache baadaye mlango umefunguka. Matibabu hayo ni ya kweli na yanasaidia wengi, lakini ni kazi ya wiki na miezi, ya machozi na ya kurudi nyuma. Mtoto atakayesoma akadhani atapona kwa kasi ya sura mbili atavunjika moyo. Pamoja na hayo, kwa mtoto anayedhani kuwa yuko peke yake ulimwenguni, kukuta msichana wa kitabuni anayehesabu kama yeye ni jambo kubwa.

Kitabu cha pili ni cha mtu mzima. Katika mkusanyo wake uitwao Naked, wa mwaka 1997, David Sedaris ana insha juu ya utoto wake katika miaka ya 1960, "A Plague of Tics." Familia yake ilihamia Raleigh, Carolina ya Kaskazini, kutoka jimbo la New York, kwa hiyo mtoto alikuwa mgeni darasani kabla hajafanya lolote la ajabu. Na ya ajabu alikuwa nayo mengi. Alikuwa akinyanyuka kitini kwenda kuramba swichi ya taa. Alikuwa akijipiga kichwani kwa kiatu chake. Toka skuli mpaka nyumbani palikuwa na hatua 637, na siku njema alikuwa akizimaliza kwa saa nzima, kwa kuwa njiani kulikuwa na sanduku la barua la kuramba na jani la kugusa, na akipotewa na hesabu mambo yanaharibika.

Sedaris ni bingwa wa kuchekesha. Utasoma na utacheka, ukitaka usitake. Lakini tunaomba msomaji ajiulize anacheka pamoja na nani. Katika insha hii mwonevu wa kwanza ni mwalimu mwenyewe. Anamsimamisha mtoto mbele ya darasa na kumsema kwa zile swichi, na darasa linajifunza kwa mwalimu kuwa huyu ni wa kuchekwa. Kisha mwalimu anakwenda nyumbani kushtaki. Mama anampokea kwa bashasha, anammiminia kinywaji, naye pia anaanza kumwigiza mwanawe. Wawili wanacheka. Mwaka unaofuata anakuja mwalimu mwengine, na mchezo ni ule ule.

Tumeifikiria sana picha hii ya mama. Kwa upande mmoja anamkinga mtoto wake, kwani mwalimu aliyekuja na hasira anaondoka amelainika, na mtoto hafukuzwi wala hapelekwi kokote. Kwa upande mwengine anamlipa mwalimu kwa sarafu ya mtoto. Amani inanunuliwa kwa kumfanya shere asiyekuwapo mezani. Ni uonevu huo? Sedaris hajibu, na tunaona ni busara yake kutokujibu, maana alimpenda mama yake na mapenzi hayo yanaonekana katika kila sentensi. Hata hivyo ipo bei. Mwandishi anajitazama kutoka nje kwa jicho lile lile la mwalimu na la mama, na anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa hata khofu ya mtoto haipati nafasi ya kusema. Tunajua aliramba nini na mara ngapi. Alichokiogopa hatukijui sawasawa. Mtu mzima ana haki ya kumcheka mtoto aliyekuwa yeye, na pengine kicheko ndicho kilichomvusha. Lakini mtoto wa miaka 10 anayechekwa leo hawezi kuazima kicheko cha mtu wa miaka 40.

Mwisho wa insha nao unahitaji tahadhari. Sedaris anatueleza kuwa alipokuwa chuo kikuu alianza kuvuta sigara, na zile tabia zikampungua, kwa kuwa sasa mikono na mdomo vilipata shughuli inayokubalika mbele za watu. Kama fasihi ni hitimisho la kuchekesha lenye kejeli kali ndani yake, kwani jamii iliyomcheka kwa kuramba swichi haikumwuliza neno kwa kuvuta moshi. Lakini asije msomaji akaondoka na fikra kuwa ugonjwa huu unaondoka wenyewe kwa ukubwa. Kwa wengi hauondoki mpaka utibiwe. Na katika miaka ile ile ambayo mtoto Sedaris alikuwa akihesabu hatua zake, mwaka 1966, mtaalamu aitwaye Victor Meyer wa Hospitali ya Middlesex, London, alichapisha habari za wagonjwa aliowasaidia kwa njia ya kuwakutanisha na wanachokiogopa na kuwazuia kufanya vile vitendo vyao. Ndiyo njia inayotumika mpaka leo. Tiba ilikwisha anza kupatikana. Darasa la Raleigh halikuwa na habari.

Kitabu cha tatu tungependa kisomwe na walimu wa madrasa. Ni Devil in the Details cha Jennifer Traig, cha mwaka 2004, kumbukumbu za msichana aliyekulia California. Baba yake Myahudi, mama yake Mkatoliki, na yeye mwenyewe akaishika dini ya baba kwa nguvu zisizo na kipimo, bila ya mwalimu wa kumwambia imetosha. Mwanzoni mwa kitabu tunamkuta ana miaka 12, amejaza vitu vyake kwenye mashine ya kufulia, hata visivyofulika, kwa sababu anaamini vimeguswa na harufu ya nyama ya nguruwe. Msomaji Mwislamu hahitaji kufasiriwa khofu hiyo.

Traig naye anachekesha, na kurasa zake zina majaribio na maelekezo ya mzaha yanayoigiza vitabu vya mashauri. Wakati mwengine mzaha unazidi, msomaji anachoka. Lakini jambo kubwa amelisema vizuri kuliko wenzake: dini haikumletea ugonjwa, ugonjwa ndio uliovaa nguo za dini. Laiti angelikuwa hana dini, ungelivaa nguo nyengine. Na kwa kuwa nguo ni za heshima, watu wa nje wanachelewa kuona. Mtoto anayeramba swichi anachekwa siku ya kwanza. Mtoto anayerudia nia yake mara 20 anaweza kusifiwa mwaka mzima kuwa ni mcha Mungu, huku ndani anaungua. Fiqhi yetu inayo kanuni iliyo wazi, kwamba yakini haiondolewi na shaka, na mwalimu mwenye hekima huitumia kumpunguzia mtoto mzigo. Lakini mwenye ugonjwa huu ataigeuza hata kanuni hiyo kuwa swali jipya: je, nilikuwa na yakini kweli? Hapo mwalimu ajue kuwa mbele yake pana mgonjwa, na kwamba kumweleza mara ya 50 hakutamsaidia. Hata kumthibitishia kila mara kuwa "ndiyo, umeosha, mkono safi" kunageuka sehemu ya ugonjwa, maana kesho atahitaji kuthibitishiwa mara mbili.

Tukiviweka vitabu vitatu pamoja, tunaona kuwa dhihaka na wasiwasi vinafanana na vinalishana. Wasiwasi unampa mtoto sheria zisizo na maana na kumtisha asipozitii. Waonevu nao wana sheria zao zisizo na maana, usipite hapa, usikae pale, nao wanamtisha. Mtoto aliyezoea kutii mnong'ono wa ndani ni mwepesi wa kutii sauti ya nje. Anajificha. Akijificha, mwalimu anaona mvivu, mchelewaji, mwongo. Hesser ameuonesha mzunguko huu kwa uwazi kuliko wote. Sedaris ameonesha jinsi wakubwa wanavyoushiriki bila ya kujijua. Traig ameonesha unavyoweza kufichwa na sifa.

Sasa, kwetu je? Mtoto wetu aliye ugenini anaingia darasani akiwa tayari ana ya kuchekwa: jina ambalo mwalimu halitamki sawasawa, mtandio, chakula alichofungiwa na bibi yake, Kiingereza chenye lafudhi ya mama. Akiongeza juu yake kunawa mpaka mikono ikachanika, hatasema nyumbani ni lipi katika hayo anachekewa. Na nyumbani anaweza kukuta moja ya mawili: ama anaambiwa ana ukaidi, ama anatafutiwa wa kumsomea. Kusomewa dua hatukukatazi, dua ni kheri. Tunachokataa ni dua kuwekwa mahali pa daktari. Kwa wenzetu walioko Uingereza, mwongozo wa tiba wa taifa uliotolewa mwaka 2005 unapendekeza kwa watoto ile ile tiba ya kuikabili khofu, na njia ya kuifikia huanzia kwa daktari wa familia. Na uonevu si jambo la kuvumiliwa kwa kuwa sisi ni wageni. Sheria ya elimu ya mwaka 2006 inazitaka skuli za serikali za England ziwe na taratibu za kuuzuia, na mzazi ana haki ya kuuliza taratibu hizo ziko wapi.

Lakini huu ni ukurasa wa fasihi, na tunataka kumalizia kwa fasihi. Riwaya ya Kiswahili imewahi kuingia ndani ya kichwa cha mtu anayeliwa na mawazo yake. Kazimoto wa Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, ni kijana msomi ambaye mawazo yanamfikisha kujiua. Kazimoto lakini ni mtu mzima, na anayemsumbua ni ulimwengu wote na maana yake. Mtoto wa Kiswahili wa miaka 11 anayesimama bombani na hawezi kuondoka, huku wenzake wanamwita majina, sisi bado hatujakutana naye kitabuni. Lugha iliyolipa neno wasiwasi nyumba kwa karne nyingi inaweza kumpa na mtoto huyu nyumba.

Mpaka hapo atakapopatikana wa kumwandika, mashauri yetu ni haya. Mtoto wa miaka 11 na kuendelea apewe Hesser, na mzazi akisome pamoja naye ili amwambie kuwa kupona kwa kweli kunachukua muda zaidi. Mzazi na mwalimu wasome Sedaris, na kila wanapocheka wajiulize mtoto yuko wapi wakati huo. Mwalimu wa madrasa asome Traig. Na yule miongoni mwa wasomaji wetu aliyekuwa mtoto wa bombani, ambaye leo ni mtu mzima na ana la kusema, ajue kuwa tutalipokea andiko lake kwa mikono miwili, kwa jina lake au bila jina.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah.